Chumba Kimoja Ni cha Nyumba: Namna ya Kuendesha Vyumba vya Kupangisha

Mwenyekiti wa mtaa alituuliza swali moja tu: "Daftari liko wapi?"

Mimi sikuwa nalo, na mpangaji wangu pia hakuwa nalo. Alikuwa fundi cherehani wa chumba cha tatu, na mke na watoto wawili. Kwa hesabu yangu nilikuwa namdai miezi minne, kwa hesabu yake miezi miwili. Miwili iliyobaki, alisema, aliimaliza kwa kubadilisha bomba la uani na kuzibua choo kwa pesa yake, na marehemu mama yangu alikuwa amemwambia, "Fanya tu baba, tutakata kwenye kodi." Mama hakuwepo tena wa kuulizwa. Nilipomsikiliza nilijua angeweza kabisa kusema hivyo, maana ndivyo alivyokuwa. Mwenyekiti akatugawia hasara nusu kwa nusu, tukapeana mikono, tukatoka.

Kwa ndugu zangu nilikuwa nimeshamwita mpangaji msumbufu. Kumbe mimi ndiye niliyerithi nyumba ya vyumba sita Temeke bila kurithi hesabu zake. Tangu siku ile nimeiendesha kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Nimeupima kwa vyumba vya shilingi 60,000 kwa mwezi, choo cha pamoja na uani mmoja. Mwenye apatimenti Mikocheni atakuta baadhi ya mambo hayamhusu, ila mengi yanamhusu.

Hatua ya kwanza: ipe nyumba chumba chake

Vyumba sita kwa 60,000 ni shilingi 360,000 kwa mwezi. Ukiiona yote kama pesa yako, bati likitoboka utakwenda kukopa. Kwangu kodi ya chumba kimoja haigawanywi kabisa. Ni ya nyumba. Tunagawana vyumba vitano, cha sita kinaihudumia nyumba yenyewe. Kwa mwaka ni shilingi 720,000.

Mwaka jana zilikwenda hivi: kunyonya choo mara mbili, 180,000. Bati nne, misumari na fundi, 190,000. Rangi na kitasa kipya baada ya mpangaji kuhama, 95,000. Koki, mabomba na valvu ya simtanki, 48,000. Kodi ya jengo ya serikali, 18,000. Jumla 531,000. Iliyobaki, 189,000, haikuguswa. Inasubiri siku choo kitakapohitaji shimo jipya, na siku hiyo ipo njiani.

Pesa hiyo iwe na laini yake ya simu au akaunti yake. Ikichanganyika na pesa ya sokoni imekwisha. Kwa nyumba ya urithi hili ni gumu zaidi, kwa sababu kila ndugu anaijua na kila ndugu ana shida. Tulikaa mimi na kaka zangu wawili baada ya arobaini ya mama, tukaandika na kusaini kwamba pesa ya nyumba haikopeshwi, hata kwa msiba, hata kwa harusi. Mwenye shida achukue kwenye mgawo wake. Mara mbili nimekataa, na mara zote mbili nimenuniwa. Masika yaliyofuata paa halikuvuja, maneno yakaisha.

Jihadhari na kodi ya miezi sita. Mpangaji akikuwekea mkononi 360,000 kwa mkupuo, unaona umetajirika, unanunua sofa. Lakini ile ni pesa ya miezi sita ambayo haijafika. Akipata uhamisho mwezi wa pili akadai salio lake, utalitoa wapi? Igawe kwenye daftari mwezi kwa mwezi, na tumia ya mwezi uliofika tu. Mimi siku hizi napokea ya miezi mitatu. Nimeona wapangaji wengi wanakopa ili watimize sita ya kwanza, halafu sita ya pili inawashinda, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mitatu mtu anaijenga kwa mshahara wake.

Chumba kitupu nacho kihesabu kama gharama. Kikikaa wazi miezi miwili, 120,000 imekwenda, bado rangi. Kwa hiyo mpangaji mwema wa miaka mitatu akiniomba nimpunguzie 5,000 kwa mwezi, nampa. Kwa mwaka ni 60,000, yaani sawa na chumba kukaa wazi mwezi mmoja.

Hatua ya pili: daftari

Nunua kaunta buku moja. Kila chumba kipewe kurasa zake. Andika tarehe, kiasi, kodi ya kuanzia lini mpaka lini, njia ya malipo, salio, na sahihi mbili. Ukilipwa kwa simu, hamishia ujumbe kwenye daftari siku hiyo hiyo, maana simu zinaibiwa na ujumbe unafutika. Ukilipwa taslimu, mpe risiti yenye nakala.

Halafu weka ukurasa wa matengenezo. Utaratibu wangu ni kwamba kitu kikiharibika, mpangaji ananitumia ujumbe na picha. Nikikubali atengeneze yeye, namjibu kwa maandishi na kutaja kiwango: "Tengeneza, isizidi 25,000, leta risiti." Kodi ikifika tunakata mbele ya macho ya wote wawili na kusaini. Asiyeniarifu hakatiwi, isipokuwa kwa dharura kama bomba lililopasuka usiku. Bomba likipasuka saa nane za usiku, mtu afunge maji kwanza, habari za ruhusa zije asubuhi.

Hatua ya tatu: mkataba kabla ya ufunguo

Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, iliyomlinda mpangaji na kupanga mambo mengi. Ilifutwa 2005. Tangu hapo upangaji unasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na mlichokubaliana wenyewe. Kwa hiyo karatasi mnayosaini ina uzito mkubwa. Makaratasi ya kununua dukani yenye mistari ya kujaza hayatoshi.

Andikeni kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa. Andikeni notisi ya kuhama na ya kuhamishwa, kwangu siku 30 kwa pande zote. Idadi ya watu watakaoishi iwepo kwa namba, si kwa maneno "na familia yake". Andikeni nani ananunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa mgao gani, nani analipa maji, nani analipia kunyonya choo, na vyombo gani vya umeme vinaruhusiwa. Andikeni amana, na mambo yanayoweza kukatwa ndani yake. Kodi ikipanda, ipande lini na kwa taarifa ya muda gani. Mpangaji alete kitambulisho cha NIDA, jina na namba ya mdhamini, na aende kujitambulisha serikali ya mtaa ndani ya wiki ya kwanza. Dalali akikuambia mteja ana haraka, analala gesti leo, mwache alale gesti usiku mmoja zaidi. Dalali akishalipwa chake harudi kukusaidia kudai.

Pigeni picha chumba kikiwa kitupu: kuta, dari, soketi, mlango, kitasa, dirisha na nyavu zake. Kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake.

Kisha lipia ushuru wa stempu TRA, mamlaka ya mapato. Kwa mkataba wa upangaji ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa hiyo chumba cha 60,000 ni 7,200 tu. Wengi wanaruka hatua hii mpaka siku ya kesi, ndipo wanaambiwa kwamba hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu. Ukiwa TRA, uliza pia kuhusu kodi ya mapato yako ya pango. Na kama una fremu ya mbele uliyopangisha kampuni au ofisi, wao watakata asilimia 10 ya zuio kabla ya kukulipa na kuipeleka TRA. Dai cheti cha zuio, usije ukatozwa tena pesa iliyokwisha kulipwa.

Hatua ya nne: umeme na maji

Hapa nitakaa, kwa sababu katika nyumba za vyumba LUKU inagombanisha watu kuliko kodi yenyewe.

Kwanza elewa bei. Kwa viwango vilivyotangazwa 2016, mteja mdogo wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo inafika 122. Mteja wa kawaida, T1, analipa 292, na kwa VAT na tozo ni kama 356. Sasa familia sita kwenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 30 tu, ni uniti 180. Mita yenu iko T1. Mama anayewasha balbu mbili na kuchaji simu analipa bei ya mwenye duka, kwa sababu tu ya kuchangia mita. Hajui hivyo, anadhani jirani yake anamwibia.

Dawa kamili ni kila chumba kuombewa mita yake TANESCO. Ni gharama, na kwa nyumba ya zamani nyaya zenyewe zinadai kupangwa upya, lakini ukiweza fanya hata vyumba viwili kwa mwaka. Usipoweza, funga mita ndogo ndani, moja kila chumba. Hazishushi bei ya uniti, ila zinamaliza mabishano ya nani ametumia nini. Tarehe 1 tunazisoma pamoja, mimi na mpangaji mmoja anayebadilika kila mwezi, tunaandika namba ukutani na kwenye daftari. Umeme wa taa za uani, choo na pampu unagawanywa sawa.

Kama hata mita ndogo hazijapatikana, usigawe LUKU kwa vichwa. Gawa kwa vyombo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inamaliza uniti moja. Feni ya wati 60 inahitaji kama saa 17 kufikia uniti hiyo hiyo. Friji dogo linaweza kula uniti moja kwa siku, na hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500 inaimaliza kwa dakika 40. Ukiwawekea wapangaji hesabu hii mezani, mwenye friji anaongeza mchango mwenyewe. Nimeliona hilo kwa macho yangu: kijana wa chumba cha tano alikuwa akibisha mwaka mzima, nilipomwandikia namba alinyamaza, akatoa.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa ghorofa ni kwa kila sakafu, 5,000 kisha 7,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme wa kwanza mwezini ndiye anayekatwa, na mara nyingi ni mpangaji. Nilikuwa na binti muuguzi aliyekuwa akinunua LUKU kila tarehe 1 baada ya zamu. Miezi minane amenilipia kodi yangu bila mimi kujua. Nilimrudishia 12,000 yake na kumwomba radhi. Siku hizi LUKU ya kwanza ya mwezi nanunua mimi kwa pesa ya nyumba, makato yanaangukia kwangu, na uniti zinazopatikana zinakwenda kwenye taa za uani kabla ya kugawana unaobaki. Mwenye nyumba mwenzangu, kama hujafanya hivi, fungua ujumbe wa LUKU usome makato.

Maji ni rahisi kidogo. Uniti moja ya DAWASA ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Gawa kwa vichwa, maana maji watu hutumia kwa vichwa, na anayefulia watu kwa biashara aongeze. Soma mita jioni, isome tena alfajiri kabla hakujaamka mtu. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja chini ya ardhi na mnagombana bure.

Hatua ya tano: kabla ya mvua

Februari kwa ajili ya masika, Septemba kwa ajili ya vuli. Pandisha fundi juu, akague misumari na mipira yake, afagie mifereji ya paa, aangalie dari kama ina alama za maji. Zibua mtaro wa uani. Nyonya choo kabla mvua hazijaanza, kwa sababu gari la majitaka mwezi wa Aprili linagombaniwa na wenye gari wanajua. Ukuta unaotoa chumvi usiupake rangi tu. Plasta ikwanguliwe mpaka kwenye tofali, ukuta ukauke, upigwe plasta upya, la sivyo rangi itabanduka ndani ya miezi michache.

Hatua ya sita: mpangaji anapokuwa mgumu

Aliyechelewa kodi mfuate siku ya tatu. Ukingoja miezi miwili deni linakuwa mlima, na mtu mwenye mlima mbele yake hukimbia. Nenda jioni, ukae, usimsemee mlangoni majirani wakisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Zuhura. Nimeona tarehe imepita, nikasema nije tuzungumze."

"Ni kweli mama. Kazini hawajatulipa."

"Pole. Unategemea lini, na kiasi gani?"

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonipeleka. Akitaja, tunaandika. Akileta 20,000 pokea 20,000, uandike salio na asaini. Wapo wanaosema usipokee nusu. Mimi naona anayeleta nusu bado anakuheshimu, na sahihi yake ni ushahidi kwamba deni analikubali.

Akivunja ahadi mara mbili, mpe barua ya madai. Mwezi ukipita, mpe notisi ya maandishi kwa muda uliomo kwenye mkataba, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na apokee kwa sahihi mbele ya shahidi. Baada ya hapo ni usuluhishi, kwanza mtaani, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mapatano, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko daftari lako, mkataba wenye stempu na nakala za notisi vinasema kwa niaba yako.

Usiezue bati. Usimkatie umeme, usibadilishe kufuli, usimtolee vitu nje. Najua yanafanyika na najua hasira inayoyaleta, nimeshaisikia kifuani mwangu. Lakini siku unapotoa godoro la mtoto uani, wewe ndiye unageuka mdaiwa: ataorodhesha na televisheni ambayo hajawahi kuwa nayo. Na yule mtoto hakusaini mkataba wowote.

Kabla ya kwenda barazani piga hesabu moja. Anadaiwa 120,000 na shauri likichukua miezi mitano, umepoteza 300,000 nyingine ya chumba, bado nauli na siku zako. Mara moja niliamua kumsamehe mtu deni lote kwa maandishi, kwa sharti ahame kabla ya tarehe 15 na aache chumba kizima. Kaka yangu aliliona ni udhaifu. Tarehe 14 chumba kilikuwa wazi, tarehe 20 kilikuwa na mtu mwingine aliyelipa mitatu.

Mwenye muziki mkubwa, mwenye wageni wasioisha, anayeacha choo kichafu: hawa usiwakabili peke yako. Itisha kikao cha uani Jumapili, wapangaji wote wawepo, na jambo lisemwe na jirani anayeumia. Watu huwaonea haya majirani kuliko mwenye nyumba. Watu wakizidi idadi ya mkataba, soma kipengele, halafu sikiliza sababu. Mdogo wake aliyekuja kutibiwa Muhimbili mwezi mmoja ni tofauti na chumba kilichogeuzwa bweni.

Aliyetoweka na kuacha kufuli ndiye anayetega zaidi. Mpigie, mpigie mdhamini, weka tarehe za simu hizo kwenye daftari, bandika notisi mlangoni na uipige picha. Zikiisha siku za notisi, usivunje peke yako. Mwite mwenyekiti au mjumbe na majirani wawili, mfungue pamoja, mwandike kila kitu mpaka sufuria, mpige picha, wote wasaini, vitu vihifadhiwe mahali panapojulikana. Mmoja wangu alirudi baada ya miezi mitatu, alikuwa amelazwa Morogoro. Alikuta orodha na vitu vyake vyote. Alilia, na deni alilimaliza.

Siku ya kuhama

Pitieni chumba kwa zile picha za mwanzo. Rangi iliyochujuka kwa kuishi ni yako, tundu la dirisha ni lake. Someni mita, pokea ufunguo, kata kinachokatwa kwa risiti, rudisha amana siku hiyo hiyo.

Yule fundi cherehani alihama mwaka juzi, amejenga Chanika. Tulikaa kwenye ngazi ya uani, daftari katikati. Amana ilikuwa 60,000, nikakata 19,000 za kitasa na kioo, nikamhesabia 41,000. Alisaini, halafu akarudisha kurasa nyuma, akaisoma yote kuanzia mwezi ule tuliotoka kwa mwenyekiti.